Hamira iliyokufa bado ina kazi

Wengi huamini kwamba hamira ikishakufa haifai kitu. Kwa maandazi ni kweli: bila seli hai hakuna gesi ya kuumua unga. Ila kuumua si kazi yake pekee.

Kila seli ya hamira, yenye upana wa takriban maikromita 5 (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ina ukuta mgumu uliojengwa hasa kwa minyororo ya sukari, ikiwemo beta-glukani. Seli ikifa, ukuta hubaki. Viwandani, hamira huchanganywa na maji na mafuta yenye harufu, tuseme ya ganda la chungwa, kisha hupashwa moto kiasi. Mafuta hupenya ndani, na mchanganyiko hukaushwa kuwa unga. Ndani ya seli, mafuta hayo yanakingwa kwa kiasi dhidi ya hewa na mwanga, hadi unyevu wa mdomoni au tumboni uufikie ukuta. Hamira hapa ni chombo tu. Hata ikibeba kirutubisho badala ya mafuta, haikigeuzi kuwa dawa.

Nyumbani, koroga hamira kwenye maji ya uvuguvugu yenye sukari. Povu lisipotokea kwa dakika 10 hivi, huenda imekufa. Jaribio hilo halikuambii zaidi ya hapo. Na kwenye pakiti ya virutubisho vilivyofungwa ndani ya hamira, tafuta jina la kiambato chenyewe na kiasi chake.