Ha-ha: uzio unaozuia miguu na kuyaacha macho

Siku ya kiangazi, umetandika kitambaa chako kwenye ukoka wa bustani ya jumba la kale Uingereza, vitafunio viko wazi, na kule mbele kondoo wanakula majani. Hakuna seng'enge wala michongoma. Majani yanaonekana ni yaleyale kuanzia miguuni pako mpaka walipo wao. Lakini kondoo hawaji. Kaa hata mpaka jioni, hawatakuja.

Kinachowazuia kinaitwa ha-ha. Ni handaki lenye hila ndani yake. Upande wa bustani umesimama wima, umejengwa kwa mawe au matofali, na ukuta huo unaishia sawasawa na usawa wa ukoka, haupandi zaidi. Upande wa malisho, ardhi inateremka taratibu mpaka kitakoni mwa ukuta. Kondoo akiteremka, anagota. Mwenye nyumba akitazama kutoka dirishani, jicho lake linavuka handaki lisijue kama limevuka kitu. Macho hayana pazia, na fundi wa ha-ha alilitegemea hilo.

Jina lenyewe ni mshangao tu. Mfaransa Dezallier d'Argenville, aliyeandika juu ya bustani mwaka 1709, alieleza kwamba mtu anayefika ukingoni hushtuka na kusema "Ah! Ah!". Waingereza wakalichukua na kulifanya ha-ha. Kwetu pengine lingeitwa "Lo!".

Aliyelitumia kwa kishindo Uingereza ni mbunifu wa bustani Charles Bridgeman, katika bustani ya Stowe, Buckinghamshire, mali ya bwana mkubwa aliyeitwa Lord Cobham. Kabla ya hapo bustani za matajiri zilizoea kuzungushiwa kuta, ndani kila kitu kimepangwa kwa mistari, nje ni mashamba. Ha-ha iliuondoa ukuta machoni, na mashamba yakawa sehemu ya mandhari. Lancelot Brown, aliyeanza kazi Stowe mwaka 1741, aliusambaza mtindo huo wa ukoka mpana na miti iliyotawanyika katika majumba mengi ya nchi ile.

Kondoo nao hawakuwekwa pale kwa urembo peke yake. Mashine ya kukata majani ilipata hataza mwaka 1830. Kabla yake kulikuwa na fyekeo la mkono na meno ya mifugo. Walihitajika, ila mbali na maua.

Mimi naona kulikuwa na majivuno pia. Ukiondoa mpaka machoni, ardhi yote mpaka upeo inaonekana ni ya mtu mmoja. Na pale Stowe utupu huo ulitengenezwa: kijiji kilichokuwa karibu na jumba kiliondolewa, likabaki kanisa lake, limefichwa na miti.

Leo bustani ya Stowe inatunzwa na National Trust, shirika la kuhifadhi majumba na mandhari ya kale, na yeyote anaweza kuitembelea. Ukitaka kuiona ha-ha vizuri, itazame kutoka upande wa malisho. Huko ukuta wote uko wazi mbele yako. Na kama umekuja na watoto, waonyeshe ukingo kabla hawajaanza kufukuzana, kwa sababu anayetoka upande wa ukoka haoni kitu mpaka zimebaki hatua mbili tatu.