Kusitisha si kumaliza

Juzi tena nimemsikia msomaji wa habari akikumbushia kwamba mwaka 2022 "mataifa yaliipongeza Ethiopia kwa kumaliza vita". Nikaweka kikombe cha chai chini.

Salamu za pongezi, kidiplomasia, ni ujumbe ambao serikali moja huipelekea nyingine kwa jambo la heri: uhuru, uchaguzi, mapatano ya ndani. Basi. Kazi iko kwenye kitenzi, na kwenye kile kinachofuata baada ya "kwa".

Kilichotiwa saini Pretoria tarehe 2 Novemba 2022, baina ya serikali ya Ethiopia na TPLF, chama kilichopigana nayo katika jimbo la Tigray, kilikuwa mkataba wa kusitisha uhasama kwa kudumu. Hebu litazame neno lenyewe. Kusitisha ni kumfanya mtu asite, na kusita ni kusimama njiani, mguu mmoja mbele mwingine nyuma, kama mgeni asiyejua apige hodi au arudi alikotoka. Aliyesita hajaghairi. Ndiyo maana kusitisha kunahitaji kufungwa kamba ya "kwa kudumu". Kumaliza hakuhitaji, hujasikia mtu amemaliza kula kwa kudumu (labda marehemu).

Wanadiplomasia walilijua hilo. Eritrea, ambayo askari wake walipigana Tigray, haikuwa miongoni mwa waliotia saini. Na kweli baadaye, Agosti 2023, Ethiopia hiyohiyo ilitangaza hali ya hatari kwa sababu ya mapigano ya jimbo jingine, Amhara. Kwa kulijua hilo, taarifa nyingi za 2022 zilikaribisha mkataba, na kukaribisha ni neno la busara: mgeni unamkaribisha kabla hujajua atakaa siku ngapi.

Halafu kuna suala la nani anapongezwa. Kuzipongeza pande zote mbili ni kusifu maelewano. Kuipongeza serikali peke yake ni kusifu ushindi, hata kama hukukusudia. Sri Lanka, Mei 2009, jeshi liliwashinda waasi wa Tamil Tigers, na huko "kumaliza vita" kulikuwa na maana yake. Lakini walioipongeza serikali walikuwa wameshachagua upande, huku wengine wakidai uchunguzi wa vifo vya raia.

Kwa hiyo ndugu yangu wa chumba cha habari, safari ijayo sema tu "mataifa yalikaribisha mkataba". Hata pumzi itakutosha zaidi.