Noti bila dhahabu: Uingereza, 1797 hadi 1821

Februari 1797 wanajeshi wa Ufaransa walishuka pwani ya Wales, karibu na Fishguard. Walikuwa wachache na walisalimu amri upesi, lakini Waingereza walikuwa wameshaanza kuingiwa na hofu na kutoa dhahabu yao benki. Tarehe 26 serikali ya waziri mkuu William Pitt iliiamuru Bank of England isimamishe malipo ya dhahabu, yaani isibadilishe tena noti zake kwa dhahabu. Amri iliyodhaniwa kuwa ya muda ilidumu hadi 1821.

Nafundisha historia ya fikra za uchumi, na sijaona kisa kinachofundisha zaidi kuhusu imani katika fedha za karatasi. Wafanyabiashara wa London walitia saini tamko la kuzipokea noti hizo, na kwa miaka kadhaa zikashikilia karibu thamani yake yote. Ng'ambo ya pili ya bahari, assignat, noti za karatasi za Ufaransa ya mapinduzi, zilikuwa na dhamana ya ardhi iliyotwaliwa kutoka kwa Kanisa. Zilichapwa bila breki, na kufikia 1796 hazikununua kitu. Waliokuwa na noti yenye dhamana ya ardhi walipoteza thamani yake; wasio na cha kudai kwenye dirisha la benki waliendelea kununua mkate.

Wakurugenzi wa Bank of England walikuwa na maelezo yao: tunakopesha kwa hati (ahadi za maandishi za kulipa baadaye) za wafanyabiashara wa kweli, zinazotokana na bidhaa za kweli, kwa hiyo noti haziwezi kuzidi mahitaji. Hoja hii inavutia mpaka leo, na ni potofu. Henry Thornton, mbunge na mwenye benki, aliibomoa mwaka 1802. Shehena moja ikiuzwa mara kadhaa kwa mkopo huzaa hati kadhaa, zote halali. Tena sheria ilikataza riba kupita asilimia 5. Mfanyabiashara anayetarajia faida kubwa kuliko hiyo atakopa leo na kesho, na kila hati atakayoleta itakuwa nzuri. Ubora wa hati hauzuii wingi wa noti. Ni benki yenyewe inayopaswa kuuzuia, kwa makusudi.

Kufikia 1809 bei ya dhahabu sokoni ilikuwa imefika takriban pauni 4 na shilingi 10 kwa aunsi, wakati bei rasmi ilikuwa pauni 3, shilingi 17 na peni 10 na nusu. Mwanauchumi David Ricardo aliandika gazetini kwamba noti ndizo zilizoshuka, kwa sababu zimezidi. Kamati ya Bunge ya 1810, chini ya Francis Horner, ilikubaliana naye na kutaka malipo ya dhahabu yarudi ndani ya miaka miwili. Bunge lilikataa, likatamka 1811 kwamba machoni pa umma noti ni sawa na sarafu. Mwaka huohuo Lord King, mwenye ardhi, aliwataka wapangaji wake wa mikataba ya zamani walipe kwa dhahabu, au kwa noti nyingi zaidi kufidia pengo. Bunge likapitisha haraka sheria ya kukataza noti kupokelewa pungufu ya thamani iliyoandikwa. Kwangu mimi sheria hiyo ni ushahidi mzito kuliko ripoti yote ya kamati: kama umma kweli uliziona sawa, ilikuwa ya kazi gani?

Hata hivyo noti za Uingereza hazikufuata njia ya assignat. Serikali ilizipokea kwa kodi, na tangu 1799 ilikuwa na kodi ya mapato, hivyo vita haikulipiwa kwa uchapaji pekee. Na kila sheria iliyorefusha usitishaji iliutaja kuwa wa muda. Watu walishika noti wakitarajia kwamba siku moja zitalipwa, na kwa bei ileile ya zamani.

Zililipwa kweli, kwa sheria ya 1819 ya mbunge Robert Peel. Lakini bei za mazao zilikuwa zikiporomoka, na wakulima waliokopa noti zilizoshuka wakarudisha pauni iliyopanda. Ricardo aliilaumu Bank of England kwa kulimbikiza dhahabu kupita kiasi na hivyo kuipandisha thamani. Thomas Attwood, mwenye benki wa Birmingham, alipinga kabisa kurejea bei ya zamani, na hakunyamaza kwa miaka mingi.