Subaru inayomisi tabo ikivuma tu: kabla hujanunua koili nyingine

Malalamiko ninayoyasikia zaidi kutoka kwa wenye Subaru Impreza za tabo (tabo ni pampu inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini) ni haya: gari linawaka vizuri, likisimama linanguruma bila kutetemeka, mjini halina neno. Ukiingia barabara kuu ukakanyaga mafuta gia ya tatu, busti, yaani presha ya hewa ya tabo, ikipanda tu, injini inakatakata (ndiko kumisi: silinda inashindwa kuwaka), gari linarusharusha na taa ya injini inapepesa. Ukitoa mguu, amani inarudi.

Kwanza hiyo taa. Ikiwaka na kutulia, una nafasi ya kufika gereji. Ikipepesa, toa mguu hapohapo. Petroli isiyoungua ndani ya silinda inakwenda kuungulia kwenye katalisti (kisafisha moshi cha eksozi), na joto lake litaiyeyusha ukiendelea kukanyaga.

Sasa kwa nini busti? Hewa ni kizuizi cha umeme, na kadiri inavyosongamana ndivyo cheche inavyopata tabu kuruka pengo la plagi. Injini ikiwa imetulia, kilovolti 10 hivi zinatosha. Tabo ikisukuma hewa kwa presha ya baa moja na ushei, plagi ileile yenye pengo lilelile itadai kilovolti 25 na zaidi. Koili, kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche, ikiwa na afya inazitoa. Koili inayopata umeme pungufu inajaribu, inashindwa, na mchanganyiko unatoka kwenye eksozi mbichi. Tena injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila silinda inadai cheche 50 kwa sekunde, kwa hiyo muda wa koili kujijaza ni milisekunde chache tu. Ugonjwa mdogo wa umeme unajificha kila mahali isipokuwa hapo.

Gari nililotaka kulieleza ni Impreza STI ya 2005, injini ya EJ207, lililoteremka Mombasa kutoka Nairobi likiwa na mfuko wa spea buti. Ndani ya mfuko mlikuwa na koili nne za zamani, plagi, injekta na pampu ya petroli. Vyote vilikuwa vimebadilishwa, na gari bado lilikuwa linamisi.

"Fundi," mwenyewe akaniambia, "sasa kilichobaki ni kubadilisha injini."

"Bosi, injini tuiache kwanza. Nairobi lilikuwa linafanya hivi kila siku?"

Hapana. Nairobi ilikuwa mara mojamoja. Pwani likawa la kila siku. Jibu hilo lilikuwa na thamani kuliko mfuko mzima wa spea. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko yetu. Busti ya gari hili ilikuwa imewekwa kwa kidhibiti cha mkono, ambacho hakijui habari ya mwinuko: kinaongeza kiasi kilekile juu ya hewa iliyopo. Huku chini, silinda zinapokea hewa nyingi zaidi, na cheche inadaiwa nguvu zaidi. Dalili zilikuwa zinaelekeza upande wa umeme kabla sijafungua boneti.

Mbona basi mafundi waliotangulia walikwenda kwenye pampu na injekta? Hapa ndipo wengi wanapotea, na nitakaa kidogo. Walifunga kipimo cha lambda kwenye eksozi, wakakanyaga, wakaona namba zinapanda kuelekea petroli chache. Wakaamua mafuta hayafiki. Lakini kipimo kile hakipimi petroli, kinapima oksijeni iliyobaki. Silinda isipowaka, oksijeni yake yote inatoka vilevile ilivyoingia, kipimo kinaiona, na kinatangaza kwamba mafuta ni machache hata kama silinda imelowa petroli. Aliyelitengenezea gari programu akaongeza mafuta. Silinda iliyoshindwa kuwaka ikalowa zaidi, ikashindwa zaidi, kipimo kikapiga kelele zaidi. Unaweza kuzunguka humo mwaka mzima. Ukiona namba za lambda zinaruka ghafla kwa vipindi vifupi huku presha ya petroli kwenye reli (bomba linalolisha injekta) imesimama imara, acha pampu ya watu.

Kusoma kodi za hitilafu kwenye kompyuta ya gari kulinipa P0303, silinda ya tatu. P0300 ingekuwa kitendawili kingine, kwa sababu maana yake ni kumisi kusikochagua silinda. Kompyuta inajua silinda gani imelala kwa kupima mwendo wa krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni: pistoni isiposukumwa, krenki inachelewa kidogo kabla ya zamu inayofuata. Ndiyo maana barabara yenye matuta, au flaiwili (gurudumu zito la mwisho wa krenki) nyepesi aliyofunga mpenda mashindano, inaweza kuidanganya. Hili lilikuwa na flaiwili ya kiwandani, na mwenyewe alikuwa anausikia mkatiko, hivyo kodi niliiamini.

Kwenye injini za EJ, silinda ya kwanza na ya tatu ziko kulia, ya pili na ya nne kushoto. Kama 1 na 3 zingekuwa zinamisi pamoja, ningewaza taimingi ya kemshafti (mihimili inayofungua valvu) za upande ule. Kwenye Impreza za zamani zenye koili moja ya pamoja, 1 na 2 zinashirikiana, 3 na 4 vivyo hivyo, kwa hiyo jozi iliyoumwa inakutajia koili. Hapa iliumwa moja peke yake, ya nyuma kulia. Kumbuka mahali hapo.

Nikahamisha koili ya tatu kwenda ya pili, na ya pili kwenda ya tatu, tukapandisha mlima wa Mazeras na kompyuta mpakato mapajani mwa kijana wangu. Kodi ikabaki 3. Plagi nazo nikazibadilishana, ikabaki 3. Ukihamisha kitu na ugonjwa usikifuate, kitu hicho hakina hatia, na hakuna haja ya kukinunua tena. Plagi zenyewe zilisema mengi. Tatu zilikuwa na rangi ya kahawia hafifu. Ya silinda ya tatu ilikuwa nyeusi, imelowa, inanuka petroli, lakini kauri yake safi, bila ule mstari mweusi mwembamba unaoachwa na umeme ukitoroka pembeni. Shimo lake pia lilikuwa kavu. Kwenye injini hizi sili za kava ya valvu zikichoka, oili hujaa humo na kuharibu mpira wa koili.

Wengi hupima soketi ya koili kwa mita, wanaona volti 12.4, wanapita. Mita haili umeme. Ni bomba lililoziba nusu: ukichota kikombe hutagundua, ukitaka kujaza pipa ndipo utajua. Mimi hutumia balbu ya taa kubwa, wati 55, niliyoiunga waya mbili. Koili za STI hii zina pini tatu: umeme, ethi (upande hasi), na amri kutoka kwenye kompyuta. Nikaiweka balbu kati ya umeme na ethi, mita ikiwa sambamba. Soketi ya kwanza, ya pili na ya nne zilishuka kufikia 12 kasoro kidogo, balbu nyeupe kabisa. Ya tatu ikashuka hadi 10 na ushei, balbu ikawa ya manjano. Nikahamishia ethi ya balbu moja kwa moja kwenye betri: ikabaki manjano. Basi ethi nzima, tatizo liko kwenye waya wa umeme.

Hesabu yake si ngumu. Nusu omu tu ya ukinzani, kwenye waya unaopitisha ampea 7, inakula volti 3 na nusu. Na nishati ya koili inakwenda kwa mraba wa mkondo: mkondo ukipungua kwa robo, nishati ya cheche inabaki kidogo tu zaidi ya nusu.

Tabo ya Subaru hii imekaa nyuma kulia, jirani kabisa na silinda ya tatu. Nilipokata tepu ya waya upande ule ilikuwa imekauka, inavunjika kama kaukau. Chini yake mtu aliwahi kuunga waya kwa kusokota tu, bila kulehemu kwa risasi, bila mpira wa kujibana, akafunga tepu. Joto lililegeza kiungo, chumvi ya hewa ya Pwani ikamalizia: shaba ilikuwa kijani, nyuzi nyingi zimekatika, chache ndizo zilizobeba kazi. Nilikata hadi nikapata shaba inayong'aa, nikaunga waya mpya wa unene uleule, nikaubana, nikaupitisha mbali na tabo ndani ya kifuniko kinachostahimili joto. Balbu ikawa nyeupe sawa na wenzake.

Kazi haikuishia hapo. Nilipima kompresheni (mgandamizo) za silinda zote nne, maana pistoni za EJ zinajulikana kwa kupasuka kingo za ringi, na petroli mbichi iliyoosha silinda muda wote ule haifai kuachwa bila kuangaliwa. Zilikuwa zinalingana. Plagi nikaweka mpya zenye pengo la milimita 0.7. Kijiti cha oili kilinuka petroli, hivyo oili na chujio vikatoka. Programu nayo ilirudishwa mafuta yake ya awali, kwa sababu sasa silinda nne zilikuwa zinawaka, na yale yaliyoongezwa yangekuwa moshi mweusi tu. Zile koili za zamani mfukoni nilizipima pia. Zote nne zilikuwa nzima, halisi za kiwandani, na mbili kati ya zile mpya zilikuwa za bandia. Nikazirudisha za zamani.