Alicante: jinsi mji unavyochoma sanamu zake bila kuungua

Kwetu sisi wa fani ya usalama wa moto, Alicante, kule Hispania, ni darasa la wazi. Usiku wa 24 Juni, sikukuu ya kuzaliwa kwa Yohane Mbatizaji, siku chache tu baada ya usiku mfupi kuliko yote wa mwaka, sanamu ndefu kama maghorofa huchomwa katikati ya mitaa, hatua chache kutoka madirishani kwa watu. Zamani wenyeji walichoma vitu chakavu tu. Sherehe za sanamu zilianza mwaka 1928, kwa wazo la José María Py.

Saa sita kamili, fataki nyeupe hurushwa kwa mkupuo kutoka ngome ya Santa Bárbara, juu ya mlima Benacantil, zikachanua kama mtende. Hiyo ndiyo ishara. Huanza sanamu ya mbele ya ukumbi wa mji, kisha za mitaani hufuatana kwa zamu, maana hakuna kiberiti kinachowashwa kabla zimamoto hawajafika.

Sanamu ina uwazi ndani na kiunzi cha mbao. Mafundi huitoboa ili hewa iingie chini na joto lipande juu, moto uteketeze kiunzi kutoka ndani na mzigo wote uporomokee hapohapo ulipo. Ikiinamia upande mmoja, ni hatari.

Sasa watazame zimamoto. Mipira yao huelekezwa kwanza kwenye kuta na madirisha, wala si kwenye miali, kwa sababu joto pekee, bila ulimi wa moto kugusa, hupasua vioo. Vijana nao hupiga kelele wakidai maji, na zimamoto huwalowesha chapachapa. Napenda sana sehemu hiyo!

Moshi mweusi siupendi hata kidogo. Unatokana na sanamu za plastiki nyeupe nyepesi, ile inayofungiwa televisheni mpya. Mafundi wanaorudi kwenye mbao na karatasi wanastahili kuungwa mkono.

Kila mwaka kuna kinyago kinachosamehewa moto kwa kura za watu, kikahifadhiwa makumbusho.

Ukienda, vaa nguo za pamba na simama upande unakotoka upepo. Saa nane mchana kuna fataki za mlio mtupu katika uwanja wa Luceros. Kifua chote hutetema. Watoto wavalishe vizuia sauti masikioni.