Je, wajua kwa nini projekta kali ya langoni humficha mwizi?

Pita mitaa ya Himbi au Katindo, mjini Goma, mashariki mwa Kongo, usiku ambao umeme upo. Juu ya malango utaona projekta za LED, yaani taa kali za kumulika, za wati 50, kioo kimeelekezwa barabarani badala ya chini. Nia ni kumwona anayekuja. Lakini anayerudi nyumbani kwa mguu haoni kitu pembeni mwa lango: ukuta wa mawe meusi ya lava umekuwa shimo jeusi, na mtu aliyeegemea pale hajulikani kama yupo.

Ukiuliza sababu, jibu huwa tayari: mwanga mkali hufanya mboni ya jicho ijibane. Ni kweli hujibana, kutoka kama milimita 7 gizani hadi 2 au 3. Ila hiyo siyo sababu, na inafaa kukaa hapa kidogo, maana hata watu wa taa hulirudia jibu hilo. Mboni ikijibana, hupunguza mwanga wa projekta, wa ukuta na wa yule mtu kwa kiwango kilekile. Ni kama kupunguza sauti ya redio yenye mikwaruzo: mtangazaji hushuka, mikwaruzo nayo hushuka, na maneno hubaki yamefunikwa vilevile.

Kipimo chake ni kidole gumba. Simama mita 12 hivi kutoka kwenye taa, funga jicho moja, nyoosha mkono, ziba taa kwa kidole huku ukitazama pembeni mwa lango. Ukuta hujitokeza papo hapo. Mboni haiwezi kufunguka kwa kasi hiyo. Yenyewe huhitaji sekunde kadhaa, na jicho kuzoea giza kikamilifu huchukua dakika 20 hadi 30. Kitu kilichoondoka mara moja ni kitu kingine.

Ni pazia la mwanga lililo ndani ya jicho lenyewe. Fikiria kioo cha mbele cha gari la hapa mjini, kimejaa vumbi jeusi la volkano. Mchana kutwa dereva anaona barabara bila shida. Saa kumi na moja jioni anageukia magharibi, jua linapiga kile kioo, na ghafla mbele kote ni ukungu mweupe. Vumbi halikuongezeka, limewashwa tu. Lenzi ya jicho nayo ina vumbi lake, si uchafu bali chembechembe na nyuzi zinazotawanya mwanga kidogo. Taa ikipiga jicho, sehemu ya mwanga wake humwagika juu ya picha yote, na vitu hafifu huzama humo. Kwa mtu wa miaka 70 pazia hilo ni karibu mara mbili ya la kijana.

Unene wake hukadiriwa kwa kanuni ya Stiles na Holladay, ya miaka ya 1920: chukua luksi (kipimo cha mwanga unaotua mahali) zinazofika jichoni, zidisha kwa 10, kisha gawa kwa pembe kati ya taa na unachotazama, iliyozidishwa kwa yenyewe. Projekta ya lumeni 5,000 (lumeni ni mwanga wote unaotoka kwenye taa) inayotazama mbele hukupiga kwa takriban luksi 10 ukiwa mita 12. Pembe ikiwa digrii 10, pazia ni kandela 1 kwa mita mraba, kipimo cha ung'avu wa kile jicho linachoona. Sasa ukuta: hata tukiupa luksi 5, jiwe la lava likirudisha asilimia 7 tu, ukizidisha na kugawa kwa 3.14 unapata kandela 0.11. Pazia limeushinda mara tisa. Kwenye mji wa udongo mwekundu au kuta nyeupe hesabu isingekuwa mbaya hivi. Goma imejengwa juu ya weusi.

Mwanga unaobaki huenda juu bure. Ziwa la lava la Nyiragongo, volkano iliyo jirani na mji, linapokuwa hai, wekundu tunaouona usiku si moto wenyewe, ni moshi na mawingu yaliyomulikwa kutoka chini. Taa za mji hufanya hivyohivyo, kwa rangi isiyopendeza. Ufaransa ina amri ya tarehe 27 Desemba 2018 inayobana mwanga unaoelekea juu na kutaka rangi ya taa nyingi za nje isizidi kelvini 3,000, yaani iwe ya kimanjano, si nyeupe ya kibuluu.

Je, taa hupunguza wizi? Hapo ushahidi unagongana. Jaribio la New York la 2016, kwa minara ya taa kwenye makazi ya umma, lilionyesha uhalifu wa nje wa usiku umepungua kwa takriban asilimia 36. Utafiti wa Uingereza na Wales uliochapishwa 2015 haukuona uhalifu kuongezeka pale taa za barabarani zilipozimwa au kupunguzwa. Tafiti zote mbili zilihusu taa za maeneo ya umma, si projekta ya lango la mtu.

Kurekebisha ni kazi ya nusu saa. Legeza skurubu mbili za mkono wa taa na ulaze kioo kitazame ardhi. Ukiwa barabarani usizione chembe za LED. Wati 10 zinatosha: lumeni 1,000 kutoka urefu wa mita 4 hutoa luksi 20 chini yake na 5 ukisogea mita 4 pembeni, wakati mbalamwezi kamili haizidi 0.3 hivi. Ikibidi kuinua taa itazame mbele kidogo, funga kipande cha bati cha sentimita 15 juu yake, ndani kipakwe rangi nyeusi isiyong'aa. Usizibe mapezi ya nyuma: joto likikosa pa kutokea, LED hufa mapema.

Halafu paka chokaa ukuta wa pande mbili za lango, mita moja na nusu kila upande. Chokaa hurudisha mwanga mara nyingi zaidi ya lava, bila kuongeza wati hata moja, na anayesimama pale huonekana kama kivuli juu ya shuka. Changanya chumvi kidogo ili ishike. Hata hivyo, kwa mvua za hapa, itabidi urudie.