Anwani na ufunguo wa siri: maana ya kupokea sarafu za kripto kwa usalama

Fundi wa milango ya nakshi wa Lamu, ambaye mteja wake wa ng'ambo anataka kumlipa kwa Bitcoin au USDT (sarafu ya kripto inayofuata thamani ya dola ya Marekani), anapaswa kwanza kuelewa kwamba pochi ya kidijitali haiweki sarafu ndani ya simu. Sarafu hizo ni hesabu zilizoandikwa kwenye blokucheni, yaani daftari la pamoja linalotunzwa na kompyuta nyingi duniani, na kilichomo pochini ni ufunguo wa siri unaompa mwenyewe mamlaka ya kuzitumia.

Anwani ya kupokelea hutokana na ufunguo huo, na mtu humpa mlipaji kama anavyotoa namba yake ya M-Pesa bila kutoa PIN. Maneno ya kurejesha pochi, ambayo kwa kawaida huwa 12 au 24 na ndiyo yanayozalisha ufunguo wa siri, hayatolewi kamwe. Anayetuma fedha hayahitaji hata kidogo, na anayeyaomba kwa kisingizio cha kuthibitisha pochi ni mwizi, hata akijitambulisha kuwa mhudumu wa kampuni. Yaandikwe kwenye karatasi na yasipigwe picha.

Linalowaponza wengi, kwa maoni yangu, ni mtandao wa kutumia. USDT hupita kwenye mitandao kadhaa ya blokucheni: anwani za Tron huanza na herufi T, na za Ethereum huanza na 0x na kufuatwa na alama 40 za tarakimu na herufi. Mlipaji akituma kupitia mtandao ambao pochi ya mpokeaji haiutambui, fedha zinaweza kukwama au kupotea kabisa, wala hakuna ofisi ya kupigiwa simu ili muamala urudishwe. Kwa hiyo fundi amtajie mteja sarafu pamoja na mtandao wake, anakili anwani badala ya kuichapa, kisha ailinganishe yote baada ya kuibandika, kwa sababu zipo programu hasidi zinazoibadilisha kimyakimya. Kiasi kikiwa kikubwa, kitangulie kidogo cha kujaribia.

Picha ya skrini si malipo. Kwenye Bitcoin, bloku mpya, yaani fungu la miamala linaloongezwa kwenye daftari, hupatikana kila baada ya dakika 10 kwa wastani, na kwa malipo makubwa desturi ni kusubiri thibitisho 6, yaani bloku 6 kuanzia ile yenye muamala wenyewe. Mlango usipakiwe botini kwenda Mokowe, gati la upande wa bara, kabla fundi hajauona muamala kwa macho yake kwenye blokucheni.